Kidonda cha Hiari

Miongoni mwa maswali ambayo dini zetu huyajibu kwa haraka kuliko yanavyostahili, limo hili la mtu anayeujeruhi mwili wake mwenyewe kwa hiari yake, si kwa tiba, wala kwa adhabu, wala kwa kulazimishwa na adui, bali kwa kutaka tu kuwa na alama ambayo hakuzaliwa nayo. Jibu la haraka ni kwamba mwili ni amana, na aliyekabidhiwa amana hana idhini ya kuitoboa. Silikatai jibu hilo, na mbele nitalitetea kuliko watakavyopenda baadhi ya vijana watakaoyasoma maneno haya. Lakini nililisikia likitolewa Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wa dhahabu katika Wilaya ya Shinyanga, na mahali lilipotolewa palinilazimisha nilitie katika mizani upya.

Aliyeyazusha mazungumzo alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mama lishe mwenye banda lake karibu na karasha la kusagia mawe, ambaye alikwenda Mwanza kwa jamaa zake akarudi ametoga ulimi. Kutoga ulimi katikati, kwa kipini kilichosimama wima, wazee wa hapo walikwisha kukuona katika simu za wajukuu zao na kukuchoka. Huyu alitogwa kwa namna ya nadra: ufito mwembamba wa chuma umelazwa kwa upana ndani ya ncha ya ulimi, umeingia ubavu wa kushoto na kutokea ubavu wa kulia, na kila mwisho wake una kitufe cha kadiri ya punje ya mtama, hata akiutoa ulimi nje hukitazami tena kinywa cha binadamu bali kichwa cha nyoka chenye macho mawili yanayong'aa. Katika nchi ya Wasukuma uso wa nyoka si jambo la kigeni, kwa kuwa Wayeye, chama cha kale cha mafundi wa nyoka, wamecheza na chatu mbele ya halaiki tangu zama za mababu, na dawa yao ya kujikinga na sumu huisugua ndani ya chale zilizochanjwa kwa wembe. Ndiyo maana mmoja wa wazee, ambaye mikono yake ilikuwa na chale za namna hiyo, alicheka na kusema kuwa binti ameingia uyeye kwa kupitia kinywani.

Wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa mzee wa Kiislamu aliyesoma chuoni Tabora katika ujana wake, na wa pili katekista, na siku hiyo walikubaliana, jambo lisilotokea kila siku. Mzee wa chuoni aliniambia kwa upole, “Mwalimu, mwili huu si wetu, na siku ya kuulizwa tutaulizwa kiungo kwa kiungo.” Katekista aliitikia kwa kichwa. Binti mwenyewe alikuwa akiwapakulia wateja wali na maharage, na kama alisikia, hakujibu.

Ushahidi wa mzee yule haukuwa dhaifu. Katika sura ya Nisaa, Ibilisi anatajwa akiahidi kwamba atawaamrisha wanadamu wakate masikio ya wanyama na kuyageuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, na katika hadithi iliyopokewa kwa Abdullah bin Masud, ambayo Bukhari na Muslim wote wawili wameithibitisha, wamelaaniwa wenye kuchora ngozi kwa sindano na wenye kuyachonga meno ili yaachane kwa ajili ya uzuri. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi, akaona kwamba hata kutoga masikio ya mtoto wa kike kwa ajili ya hereni hakuna ruhusa, maana ni jeraha lenye maumivu, na jeraha la namna hiyo, lau angetiwa mtu mwingine bila ya haki, lingestahiki kisasi. Na pambo, alisema, si haja inayofikia kiasi cha kuhalalisha jeraha. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alimpinga katika kitabu chake juu ya malezi ya watoto, akaruhusu masikio ya wasichana na kuyachukia ya wavulana, na umma kwa jumla umemfuata yeye. Nani leo, kutoka Lamu hadi Kilwa, atamwona mwanamke mwenye hereni na kipini akadhani amevunja sheria?

Basi tayari limetokea jambo la kuzingatia. Wenye elimu hawakukhitilafiana juu ya amana, wote waliikubali. Walikhitilafiana juu ya haja, yaani ni haja gani iliyo nzito ya kutosha kuitilia amana jeraha. Na kwa upande wa katekista mambo ni hayo hayo. Kitabu cha Walawi kinakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu, na Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Lakini mtumishi wa Ibrahimu, alipokwenda kumtafutia Isaka mchumba, alimpa Rebeka pete ya puani ya dhahabu ya uzito wa nusu shekeli, na hakuna nabii aliyeilaumu pua ile. Fauka ya hayo, katika Kutoka, mtumwa aliyetimiza miaka yake na kuwa huru, akiamua kwa mapenzi yake kubaki kwa bwana wake, hupelekwa mlangoni na sikio lake kutobolewa kwa uma, ili awe wake daima. Tundu lile ni la hiari na ni alama ya mapenzi, na limeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Siwezi kusema kwamba nalipenda, maana kuna mtumwa ndani yake. Lakini linatuonyesha kuwa hata Torati haikuliona kila tundu katika nyama ya mtu kuwa ni uadui na Muumba.

Tena wapo waliotoboa ulimi kwa ajili ya Mungu hasa. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, limo jiwe la kizingiti lililotolewa Yaxchilán, katika nchi ya Wamaya, na juu yake amechongwa malkia Xook, amepiga magoti mbele ya mfalme, akipitisha katika ulimi wake kamba yenye miiba, ili damu idondokee karatasi na kuchomwa kuwa sadaka. Tarehe iliyoandikwa humo ni ya mwaka 709. Wahindu wa Kitamil nao, katika sikukuu ya Thaipusam, huchoma ulimi kwa mkuki mdogo, na mwenye kuchomwa huwa ameweka nadhiri ya kunyamaza njia nzima hadi hekaluni. Na karibu nasi zaidi katika imani wapo Warifai, wafuasi wa tarika ya Sheikh Ahmad al-Rifai, aliyefariki mwaka 1182 katika vinamasi vya Iraki ya kusini, tarika ambayo maulidi ya homu ya Unguja yana asili katika desturi zake. Ibn Batuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alizuru kaburi la Sheikh miaka minne kabla ya hapo, akawaona mafakiri wakiingia motoni na kuung'ata moto kwa vinywa vyao. Waliokuja baadaye wakashika dabusi, chuma chenye ncha, wakajitoboa mashavu na ndimi katikati ya dhikri, na wakadai kuwa chuma kikichomolewa damu haitoki na kidonda hufumba papo hapo, kwa karama ya Sheikh.

Juu ya hao ninamwafiki Ibn Taymiyya, ingawa si katika kila jambo ninalomwafiki. Mwaka 1305, huko Damascus, walipomtaka mbele ya liwali aingie nao motoni, alikubali kwa sharti moja: kwanza wote waoshwe miili kwa siki na maji ya moto, kwani alikuwa na habari ya mafuta waliyojipaka. Hawakuoshwa. Lakini hoja yangu si ya mafuta. Hata tukijaalia kwamba ulimi wa fakiri ulifumba kweli bila ya damu, mimi siuoni utukufu katika kidonda kisichohitaji kupona, kwa sababu mwenye kidonda hicho hakujifunza lolote juu ya mwili wake ila kwamba unamtii, na kumtii mtu kwa kila atakalo ndiyo sifa ambayo mwili wa mwanadamu haukupewa. Yule binti wa Mwakitolyo hakudai karama. Ulimi wake ulimwadhibu ipasavyo.

Nami nilikaa pale siku za kutosha kuiona adhabu hiyo. Ulimi ni nyama yenye damu nyingi kuliko viungo vingi vya ukubwa wake, na kwa sababu hiyo huvimba upesi na kupona upesi. Katika siku za mwanzo aliongea kama mtu mwenye jiwe kinywani, herufi ra zikawa la, jambo ambalo katika nchi hiyo halikumfanya aonekane mgeni. Kila alipokwisha kula alikwenda nyuma ya banda na kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, akasukutua na kutema, akasukutua na kutema. Chakula chake kilikuwa uji uliopoa na maziwa mgando, na yeye anayepika pilipili ya kuwatoa jasho wachimbaji hakuigusa. Juu ya vidonda palikuwa na utando mweupe, ambao akina mama wenzake waliudhani ni usaha, kumbe ni majimaji ya kawaida ya kidonda kinachojijenga. Usaha wa kweli huwa na rangi na harufu mbaya, na ukifuatana na homa, au uvimbe ukishuka chini ya ulimi na shingoni hata pumzi ikawa nzito, hapo si mahali pa chumvi tena bali pa kukimbilia hospitali usiku huo huo, kwa maana watu wamekufa kwa uvimbe wa namna hiyo.

Ama namna aliyoichagua, hiyo ni mbaya kuliko ya kawaida, na lazima niseme bila kificho. Ulimi una misuli ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto, na katikati umepita ukuta mwembamba; kila upande una harakati zake, na katika harakati hizo ndimo mlimo ufasaha wetu wote. Ufito uliolazwa kwa upana huzifunga pande mbili hizo pamoja, ili moja ikitaka kwenda ivutwe na nyingine, na mwili, usiopenda kufungwa, huusukuma ufito polepole kuelekea nje. Wakati huo huo vile vitufe hugonga meno ya mbele, na ufizi hurudi nyuma kwa kusuguliwa. Ndiyo sababu mafundi wengi wenye uzoefu, wasiosita kutoga ulimi katikati, hukataa kuutoga hivi. Mpaka jeraha lipone ndani na nje huchukua wiki sita hadi nane. Ufizi uliorudi haurejei wenyewe. Kama mzee wa chuoni angesema haya, angekuwa amesema jambo la kusikilizwa, maana Ghazali naye hoja yake ilianzia kwenye maumivu na madhara.

Hata hivyo ulipona, na hapo ndipo linapokuja swali ambalo nadhani lina kina kuliko lile la kuruhusiwa au kutoruhusiwa. Kupona kwenyewe ni nini? Ambroise Paré, tabibu wa majeruhi wa vita wa Ufaransa katika karne ya 16, alizoea kusema kwamba kazi yake ilikuwa kukifunga kidonda, na kuponya ni kazi ya Mungu. Waganga wa Kiyunani na wa Kiarabu kabla yake walisema kwa lugha nyingine kuwa tabibu ni mtumishi wa tabia, yaani ya ile nguvu ya ndani iendeshayo mwili. Na mtu akiitazama nguvu hiyo kwa makini ataona ina sifa moja ya kuwashangaza wacha Mungu: haina upendeleo. Hufumba jeraha la mwizi kama inavyofumba la hakimu, na la aliyejikata kwa ujinga kama la aliyekatwa akimtetea mama yake. Haimwulizi binti nia yake. Kutokana na hayo baadhi ya vijana hutoa hukumu kwamba, maadamu mwili umekubali, basi jambo ni halali, na Mungu angechukia angeuacha ulimi uoze. Hukumu hiyo ni batili. Mwili huponya pia jeraha la dhuluma, na kovu la mtumwa aliyechapwa viboko halikuwa hati ya kumsafisha aliyeshika mjeledi. Kupona ni rehema na rehema si idhini. Lakini upanga huu una makali mawili: ikiwa kupona hakuthibitishi uhalali, basi na kutopona hakuthibitishi uharamu, na wazee waliongojea ulimi wa binti uoze ili wapate ushahidi walikuwa wakingojea ushahidi usiofaa kwa mahakama yoyote.

Sasa niseme juu ya mahali. Wazee wale wanatoka katika jamii ambayo imewajeruhi watoto vinywani kwa vizazi vingi bila kumwomba mtu fatwa. Mtoto akikohoa usiku, hupelekwa kwa fundi akakatwe kimeo, naye hukikata kwa kifaa ambacho aliyekichemsha hajulikani, na watoto wametoka damu hata kufa, au wameambukizwa, kwa sababu ya kipande cha nyama ambacho aghlabu hakikuwa na hatia yoyote katika kikohozi kile. Mtoto akiharisha na kupata homa wakati meno yakitaka kuota, huambiwa ana meno ya nailoni, na ufizi hupasuliwa kung'oa jino changa ambalo bado halijatokeza. Sizungumzi ya kale: mambo haya yako hai nchini. Mtoto hakuwa na hiari hata chembe, na haja iliyodaiwa haikuwapo. Lakini kwa kuwa jeraha lile huitwa tiba, na hufanywa na mzee kwa mtoto wala si na kijana kwa nafsi yake, amana haitajwi.

Na hayo ni madogo yakilinganishwa na yafanyikayo hatua chache kutoka bandani. Mawe yanatolewa katika maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoegemezwa kwa matimba, yanapandishwa kwa kamba, yanapasuliwa na kupelekwa karashani. Na jiwe jeupe linalobeba dhahabu vumbi lake ni silika, ambayo ikiingia ndani kabisa ya pafu haitoki. Mwili hujaribu kuiponya. Huizungushia kovu, na kovu juu ya kovu, kwa nguvu ile ile isiyo na upendeleo iliyofumba ulimi wa binti, mpaka pafu lenyewe likawa kovu lisilojaa hewa. Maradhi hayo hayana dawa, na humfungulia mlango kifua kikuu. Nimewaona vijana wakitoka karashani weupe kope na nyusi, wamejifunga kitambaa puani ambacho hakizuii lolote la maana. Kisha huja zebaki. Unga wa mawe ukishaoshwa katika mwalo, zebaki hutiwa ikamate dhahabu, na donge linalopatikana, ambalo takriban nusu ya uzito wake ni zebaki, huwekwa juu ya kipande cha bati na kuchomwa kwa mkaa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Moshi wake haukeri pua. Hauonekani vizuri, wala haunuki kama sumu inavyotarajiwa kunuka. Alasiri moja donge liliunguzwa hivyo upande ulikotoka upepo, na sufuria ya maharage ya binti ilikuwa wazi.

Na ajabu ya zebaki ni kwamba kinywa hakisalimiki nayo. Mwenye kuivuta kwa wingi huanza kuhisi ladha ya chuma, mate humtiririka, ufizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea katika mashina yake. Ikizidi, mikono hutetemeka na ulimi hutetemeka, na maneno hutoka yakiwa yameshikana. Matabibu wa Ulaya walipoitumia zebaki kwa karne kadhaa kutibu kaswende, wingi wa mate ulihesabiwa kuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi, na wagonjwa walipoteza meno wakisifiwa kwa kuendelea vizuri. Ulimi wa mchoma zebaki basi umo hatarini kuliko ulimi uliotogwa, na hatari hiyo haina wiki nane za kumalizika.

Nilimwuliza mzee wa chuoni, ambaye ana hisa katika duara moja, je, amana ya mwili haishuki duarani? Hakukasirika. Alifikiri, akavuta kanzu yake magotini, akasema: “Hayo ya vumbi na zebaki yana serikali, mwalimu. Ya ulimi ndiyo yana dini.”

Sikupata kusikia kauli iliyo wazi kuliko hiyo juu ya jinsi tulivyogawanya mambo, na ninaamini mgawanyo huo ni kosa katika dini yenyewe kabla ya kuwa kosa katika siasa. Utetezi wake bora ni dharura: mchimbaji anatafuta riziki, binti anatafuta pambo, na wanasheria wote husema kuwa dharura hulihalalisha lililokatazwa. Ni kweli. Lakini wanasheria hao hao huongeza mara moja kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake na haivuki mpaka huo. Njaa yamkini inahalalisha kushuka duarani. Haihalalishi kusaga mawe makavu ilhali maji ya kuyalowesha yangelaza vumbi, wala haihalalishi kuchoma zebaki wazi ilhali chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kuurudisha mvuke uwe majimaji tena, hutengenezwa na fundi yeyote mwenye kujua kuchomelea. Yote yanayozidi hapo si dharura ya mchimbaji. Ni uvivu au ubahili wa mwenye duara, na kuuvisha kanzu ya dharura ni kuidhulumu sheria.

Na je, hilo la pambo ni jepesi kama tunavyodai? Nilipomwuliza binti kwa nini alichagua namna ile ngumu, hakunipa falsafa. Alisema makovu yote mengine aliyo nayo aliwekewa na watu. Zilikuwapo chale za utotoni kifuani, na kimeo kilichokatwa, na alama ya moto wa jikoni mkononi. Kidonda hiki kimoja alikiweka mwenyewe, na hata kilipouma kiliuma kwa amri yake. Sikuliona neno hilo kuwa la takaburi. Mwenye kukabidhiwa amana na asiulizwe kamwe lolote juu yake, wengine wakaichanja na kuikata na kuipaka wapendavyo, huenda akahitaji kuigusa mara moja kwa mkono wake mwenyewe ili ajue kwamba amekabidhiwa kweli. Mimi bado ninasema alichagua vibaya, kwa sababu ya misuli na ufizi nilivyoeleza, na kama angekuwa mwanangu ningemwomba autoe ufito ule. Ningemwomba tu, fatwa nisingeitafuta.

Tena akiutoa, tundu la ulimi hufumba upesi kuliko matundu ya mahali pengi pengine. Siku chache zinatosha likawa halipitishi kitu. Wenye elimu huweka masharti matatu ya toba baina ya mja na Mola wake: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Ikiwa alilofanya binti ni dhambi, basi masharti hayo yote yamo katika uwezo wake, na mwili wenyewe upo tayari kumsaidia. Lakini pale kosa linapogusa haki ya kiumbe mwingine lipo sharti la nne, la kuirudisha haki kwa mwenyewe au kumwomba radhi, na pasipo hilo toba hubaki imening'inia. Hapo ndipo mwenye duara anapotakiwa asimame. Na asiseme kwamba pafu halina bei inayojulikana. Mafakihi waliupima mwili wa binadamu kiungo kwa kiungo: ulimi ukikatwa ni fidia kamili ya damu, yaani diya, jeraha lipenyalo ndani ya kifua au tumbo ni thuluthi ya diya, na kwa madhara yasiyotajwa kwa jina waliweka njia ya makadirio, ambapo watu waadilifu hulinganisha thamani ya mtu akiwa mzima na thamani yake baada ya kudhurika, na tofauti ikalipwa. Njia hiyo inatosha kabisa kwa kijana mwenye silika kifuani. Haijatumika Mwakitolyo kwa sababu mwenye dai, akishaanza kukohoa na kushindwa kuvuta kamba, hupanda basi akarudi kwao Maswa au Meatu, na siku hiyo hiyo duara hupata mwingine.